Gari Mlevi la Zulmira

Wa kulaumiwa ni marehemu Abelardo, Mungu amrehemu, na hata angekuwa hai ningemwambia usoni kama nilivyomwambia mara nyingi. Mtu wa milimani hanunui gari akiwa amevaa kaptula. Yeye alinunua. Aliteremka pwani mwezi wa Januari kwenye harusi ya mpwa wake, jua linawaka, watu wanakula kamba wa kukaanga ufukweni, na redio kila kona inaimba spiriti, spiriti, spiriti ya miwa, mafuta ya nchi yetu wenyewe. Akauza gari lake la petroli hukohuko, akarudi Santa Quitéria na kigari cheupe cha spiriti, kichwa juu kama bwana harusi.

"Veva, njoo unuse!" aliniita kutoka barabarani. Mimi nina duka la mikate pale uwanjani, mbele ya kanisa, kila kitu kinapita mbele ya macho yangu. Nikatoka na unga mikononi, nikanusa bomba la moshi.

"Abelardo, hili gari linanuka baa."

"Ndiyo raha yake!"

Basi tangu siku hiyo mji mzima ukaliita Mlevi. Kiangazi chote lilikwenda vizuri, sisemi uongo. Likipita barabarani unasikia harufu ya pombe ya miwa, wanaume wanavuta pumzi na kujilamba midomo. Lakini kiangazi hapa kwetu ni wageni wanaokuja na kuondoka. Mwenye nyumba ni baridi. Na spiriti haipatani na baridi hata kidogo. Ikishapoa inakaa mle ndani ya injini majimaji tu, haitoi mvuke, plagi zinapiga cheche mpaka zichoke na hakuna kinachoshika moto. Waliotengeneza gari walijua, wakaweka kitangi kidogo cha petroli chini ya boneti na kitufe pembeni ya usukani. Unabonyeza, petroli kidogo inarushwa kwenye kabureta, ndipo unapiga stata. Huko pwani wengi hawajui hata kama kitufe hicho kipo.

Hapa juu watu waliokuwa na magari ya spiriti waliishi maisha ya taabu. Mmoja alilaza gari lake kwenye mteremko kila siku ili asubuhi aliachie lishuke lenyewe. Mwingine alilifunika blanketi la kitanda chake, mkewe akahamia kwa mama yake. Mzee Libório aliweka beseni la makaa chini ya tumbo la gari, akaenda kunywa kahawa, aliporudi bampa limeyeyuka na mbwa amekaa pembeni anaota moto.

Abelardo hakuuona msimu wa baridi na gari lake. Mwezi wa Mei, akiwa anapasua kuni uani, alianguka na hakuamka. Alimwachia Zulmira nyumba, jiko la kuni, deni dogo, na Mlevi.

Sasa huyu Zulmira ni shoga yangu tangu tulipokuwa wasichana wa kuchambua matofaa kwenye ghala moja. Kafupi, mabega mapana, anaimba vibaya na anaimba kila wakati. Hajui kupika. Maharage yake hata nguruwe wangu aliyageuzia mgongo. Lakini kuendesha, mwenzangu! Alizaliwa kwenye shamba la ng'ombe, akapanda trekta kabla ya kujua kusuka nywele. Abelardo alipokuwa kijana, aliyemfundisha kurudi nyuma na trela ni yeye. Abelardo alikuwa akisimulia kwamba alijifunza jeshini. Zulmira alikuwa anamwacha aseme, anaangalia dirishani na kuimba.

Abelardo alikuwa dereva wa teksi. Kijiwe chao kiko uwanjani, mkabala na duka langu: nafasi sita za magari, benchi moja refu, na paa la mabati. Kila asubuhi madereva wanakaa duara na kunywa chimarrão, ile chai yetu chungu ya majani mabichi. Kibuyu ni kimoja, mrija ni mmoja, kinazunguka kwa zamu. Kila mtu anakuja na themosi yake ya maji ya moto. Na desturi yetu ni kwamba dereva akifa, nafasi yake ni ya mjane au mtoto, mradi awe anajua kuendesha. Haijawahi kuwa na mjadala. Ila haikuwahi kutokea mjane akaja na kusema, haya, nimekuja.

Zulmira akaja. Alikuja na nguo nyeusi na ufunguo mkononi. Hakuwa na njia nyingine. Akikosa ile nafasi, ilikuwa afunge nyumba aliyojenga na mumewe, ashuke pwani kwa dada yake, akafue na kupiga pasi nguo za hoteli mpaka azeeke. Aliniambia hivyo jikoni kwangu, hakulia, alikunja tu kitambaa na kukikunjua. Mimi ndiye niliyelia. Nililia kwa hasira, kwa sababu nilijua nani atamzuia.

Mwenyekiti wa kijiwe alikuwa Eurides. Tumbo mbele, masharubu yamechongwa, gari kubwa la petroli linalong'aa hadi matairi. Si mtu mbaya. Alipokufa Abelardo ndiye aliyebeba jeneza upande wa kichwa. Lakini ana mkwe wake, Valmor, kijana wa kukaa kitako, na nafasi ile alikuwa ameshamwahidi.

"Bi Zulmira," alisema, kofia kifuani, sauti ya kanisani, "nafasi ni yako, nani atakataa? Tatizo si wewe. Tatizo ni huyo Mlevi wako."

"Ana nini?"

"Mama, teksi ni kitu cha kutegemewa. Mtu ana mgonjwa, mtu anawahi basi. Asubuhi ya jalidi, umande umeganda kila mahali, huyo atalala fofofo na wewe utabaki unambembeleza. Aibu itakuwa ya kijiwe kizima."

Wenzake wakacheka chini kwa chini. Mimi nilikuwa nafagia mlango wangu, nafagia palepale, sibanduki.

"Kwa hiyo unataka nini, Mzee Eurides?"

"Tufanye haki. Jalidi kubwa ya kwanza mwaka huu, gari lilale hapa uwanjani, kwenye tambarare, wazi. Asubuhi uliwashe mbele yetu. Likiwaka kabla basi la asubuhi la Lages halijapita, nafasi ni yako na mimi mwenyewe nitakuvulia kofia. Lisipowaka, tusilaumiane."

"Sawa."

"Hakuna kusukuma. Hakuna blanketi, hakuna makaa, hakuna fundi. Hakuna mtu wa nje kukusaidia." Akanitupia jicho mimi na ufagio wangu. "Unakuja na ufunguo, basi."

"Na chimarrão yangu?"

Eurides akashika kifua. "Ebo! Kwani mimi ni shetani? Nani atamtoa mtu nje asubuhi ya jalidi bila chimarrão? Njoo na themosi yako, mama, ukae kwenye duara kama wenzio. Usije ukatufia hapa."

Wakacheka wote, na Zulmira akacheka nao. Mimi sikucheka. Nilimfuata mpaka nyumbani nikamfokea njia nzima. Nilimwambia amekubali mtego, amejifunga kamba mwenyewe shingoni.

"Veva," akaniambia, "kitangi cha petroli kipo. Hajakitaja."

"Kwa sababu anajua hakitoshi!"

"Kitatosha. Kitatosha na kitu kingine kidogo." Akaanza kuimba, na ukishaona anaimba ujue hasemi tena.

Wiki zile mji ulikuwa na furaha, maana huku kwetu burudani ni chache. Zulmira akipita na gari, watoto wanayumbayumba kama walevi. Mtu akamtundikia chupa tupu ya pombe kwenye kioo cha pembeni. Valmor alikuwa tayari ameanza kukaa kwenye benchi la kijiwe, miguu imenyooshwa. Mimi nilimuuzia mkate wa juzi kila siku, na nilikuwa naomba dua kwamba mwaka huo jalidi isije. Sijawahi kuomba jambo la kijinga kama hilo.

Ilikuja baada ya sikukuu ya Mtakatifu Petro. Redio ilitangaza adhuhuri kwamba upepo wa kusini umeingia, wenye mifugo waiingize ndani. Jioni Eurides akamtuma mtu, na Zulmira akaleta Mlevi uwanjani, akaliacha katikati, kwenye tambarare, akaenda kulala.

Asubuhi nilifungua dirisha la duka, nikaona uwanja wote mweupe. Nyasi zilikuwa zinavunjika ukizikanyaga. Maji ya bomba yamegoma, bakuli la mbwa limekuwa jiwe, na lile gari limefunikwa jalidi mpaka hujui kioo ni kipi na mlango ni upi. Nikaingiza mikate tanurini na kutoka nje na shali mbili.

Watu walikuwa wamejaa. Kanisani padri alikuwa anasoma misa kwa mabibi watatu, wengine wote walikuwa uwanjani wanapuliza viganja. Madereva wako kwenye benchi, Mzee Libório akiwamo, mabega yamefunikwa mablanketi ya sufu, kibuyu kinazunguka. Zulmira akaja akiwa amevaa koti la Abelardo, mikono ya koti imekunjwa mara mbili. Mkononi ana ufunguo, kwapani ana themosi.

Alikaa kwanza. Ndiyo, alikaa! Akasalimia, akapokea kibuyu zamu yake ilipofika, akajaza maji yake, akavuta mpaka mrija ukatoa mlio, akamrudishia mwenye zamu. Polepole, kama hana la kufanya duniani. Eurides akaangalia saa ya kanisa.

"Bi Zulmira, basi halimngoji mtu."

"Nimekuja, mzee." Akainuka.

Akakwangua kioo kwa kipande cha ubao, akafungua mlango, ukalia kwa sauti ya kuvunjika. Akavuta choki. Akabonyeza kitufe cha petroli. Sisi wote tukanyamaza tusikie ule mvumo wa kipampu kidogo, zzzz, maana kila mtu hapa anaujua.

Hakukuwa na mvumo.

Akabonyeza tena. Kimya. Akashuka, akafungua boneti, akagusa mpira wa petroli, ulikuwa mgumu kama fimbo. Unyevu ulikuwa umeingia kwenye kile kitangi miezi yote kilipokaa bila kazi, na usiku ule umeganda mpaka kwenye kipampu. Petroli ipo, haipiti. Nilimwona usoni. Namjua tangu tuna miaka kumi na sita, na siku ile, pale mbele ya boneti, niliona ameogopa.

"Petroli imelala nayo!" Valmor alipiga kelele. "Wamelala wote wawili!"

Kicheko kikapanda uwanja mzima. Eurides hakucheka, nitampa haki yake, alitazama viatu vyake.

Zulmira akachukua themosi. Akafungua kizibo, akainama, na akaanza kumwaga maji pale chini ya kabureta, kwenye lile bomba la aluminiamu ambamo spiriti inapita kuingia kwenye injini. Taratibu, uzi mwembamba, anazungusha mkono kama anamwagilia mche. Mvuke ukapanda ukamfunika uso.

Kicheko kikakatika. Jamani, sijui niwaeleze vipi. Maji ya chimarrão! Hapa kwetu mtu anaweza kumwaga mvinyo, anaweza kumwaga hata maziwa, lakini maji ya chimarrão asubuhi ya jalidi hayamwagwi chini. Na bado hayo ndiyo yaliyofaa, kwa sababu maji ya chimarrão hatuyaachi yachemke, yakichemka yanaunguza majani. Yana moto wa kupasha chuma, hayana moto wa kukipasua.

"Hiyo hairuhusiwi!" Valmor akaruka.

"Ni chimarrão yangu," Zulmira akasema bila kugeuka. "Mzee Eurides aliniambia nije nayo. Hakuniambia nimpe nani."

Akaingia ndani, akapiga stata. Injini ikazunguka, nzito, inaguna. Ikaguna, ikaguna, halafu ikakohoa! Mara moja tu, pfuu, moshi mdogo nyuma, harufu ya pombe. Watu wakasema aah! Halafu ikafa.

Akapiga tena. Safari hii stata ilizunguka kwa uvivu zaidi. Betri ilikuwa inakwisha. Akashuka, akashika lile bomba kwa kiganja, na nikajua anachohisi: lina uvuguvugu, halijafika. Akainamisha themosi. Tone moja.

Na kule chini, kwenye kona ya kinu cha mbao, tukasikia basi la Lages linabadilisha gia kuanza kupanda kilima.

Mimi nilikuwa na birika kubwa juu ya jiko, hatua chache tu kutoka pale. Nilishageuka kukimbia. Eurides akainua kidole. "Veva! Mtu wa nje!" Nikasimama. Nilimtukana tusi ambalo siwezi kulirudia, na mabibi wa misa walikuwa ndiyo wanatoka, wote walilisikia.

Zulmira akafunga kizibo. Akafikiria kidogo. Kisha akatembea mpaka kwenye benchi, akakaa palepale alipokaa mwanzo, kati ya Libório na Eurides. Akanyoosha mkono, akapokea kibuyu. Akakitazama. Kikavu.

"Mzee Eurides," akasema kwa adabu kabisa, "maji yameniishia."

Watu wote wakamgeukia Eurides, na mimi nikasikia mikate yangu ikilia tanurini. Maana kila aliyekuwa pale, mpaka mtoto anayenyonya, anajua: mtu akiishiwa maji kwenye duara, aliye jirani yake anamjazia. Haulizi kwa nini, haulizi yamekwenda wapi. Kumnyima mtu maji ya moto akiwa amekaa nawe benchi moja ni jambo ambalo hapa linakumbukwa mpaka kwa wajukuu. Kuna familia moja huku mlimani bado inasemwa kwa jambo hilo, na aliyenyima alikufa kabla umeme haujafika.

Eurides aliitazama themosi yake. Alimtazama Valmor, ambaye alikuwa anatikisa kichwa, usimpe, usimpe. Alitutazama sisi wote. Basi lilikuwa linapanda, linanguruma.

"Mwanamke wewe," akasema polepole, "Abelardo aliishije nawe?"

"Vizuri sana, mzee. Jaza."

Akajaza. Akajaza themosi ya Zulmira mpaka ikafurika! Na Libório naye akafungua ya kwake, akaimimina ndani ya sufuria iliyokuwa pale chini ya benchi, na wengine wawili wakafuata, "Chukua na haya, dada," "Na yangu, ya kwangu ya moto zaidi." Hawakuwa watu wa nje, walikuwa duara. Zulmira alibeba themosi mkono huu, sufuria mkono ule, akaenda kwenye gari mbiombio, koti la marehemu linaburuza kwenye jalidi.

Safari hii alimwaga bila ubahili. Bomba likatoa mvuke, kabureta ikatoa mvuke, boneti yote ikawa kama jiko la kufulia nguo. Akaweka kiganja, akakiondoa haraka. Linaunguza! Akaruka ndani. Kichwa cha basi kikatokea mwisho wa barabara.

Stata ikazunguka mara moja, imechoka. Mara ya pili, kama inakata roho. Mara ya tatu, pfuu. Pfuu, pfuu. Na Mlevi akapiga mlio mmoja mkubwa, akatikisika mwili mzima, jalidi ikaporomoka kutoka kwenye paa, na injini ikashika! Ikanguruma, ikayumba, Zulmira akaibembeleza kwa mafuta, ikatulia, ikaimba. Moshi mweupe ukajaa uwanja, unanuka baa ya Jumamosi.

Hee! Mlisikia wapi watu wakipigia gari vigelegele? Siku ile walipiga. Padri alitoka na joho lake akapiga makofi. Libório alirusha kofia ikaanguka kwenye paa la mabati, na ilikaa huko wiki nzima. Mimi nilikuwa nalia na kucheka na kumkumbatia mtu ambaye nilipomwachia nikakuta ni Valmor, nikamsukuma. Mikate yote iliungua. Na iungue.

Basi likapita, dereva anatutazama asielewe. Eurides akasimama. Alifika katikati ya uwanja, mbele ya lile gari, akavua kofia kama alivyoahidi, upara wake ukatoa mvuke kwenye baridi.

"Nafasi ya tatu," akasema. "Ya mumeo. Weka gari."

Zulmira akaliingiza kinyumenyume, mkono mmoja, bila kugeuza shingo zaidi ya mara moja, mpaka tairi likagusa ukingo. Halafu akashika ufunguo. Nikamwona, na kila mtu akamwona, uwanja mzima ukapiga kelele kwa sauti moja: "Usizime!"

"We mama, usizime!" Eurides alikuwa amenyoosha mikono yote miwili. "Acha ipate moto! Utaiwasha na nini tena? Maji yote yameisha!"

Zulmira akatutazama sisi wote kupitia kioo chenye ukungu. Akazima.

Akashuka, akafunga mlango, akatia ufunguo mfukoni mwa koti la Abelardo, akaupigapiga mfuko ili uingie vizuri.

"Na niwashe ya nini?" akasema. "Mimi nimeshafika. Sasa nangoja abiria."